Mbegu za bangi ya haibridi: pakiti moja, miche minne, sura tatu

Niko Ontario, na hapa Kanada bangi imekua halali tangu 17 Oktoba 2018, na Ontario kila nyumba inaruhusiwa miche minne, kwa hivo mwezi wa tano nikaenda duka lenye laisensi nikanunua pakiti ya mbegu nne. Kwa kibandiko wameandika haibridi tu, yaani mchanganyiko wa aina mbili, basi. Nikamuuliza kijana wa kaunta wazazi wa mbegu hizo ni aina gani za bangi, akaangalia simu akasema OG Kush na Durban Poison, yaani ule mchanganyiko unaosemwa ndio ulizaa aina maarufu ya Girl Scout Cookies kule California, nikafurahi sana manake Durban ni ya kwetu Afrika, ile mirefu ya majani membamba.

Zote nne ziliota ndani ya wiki na zote zikatoka jike kama walivoahidi, hapo nawapa maksi zote, dume likipasua vifuko vya chavua hapo karibu maua yanajaa mbegu na msimu umeisha.

Shida nikaiona mwezi wa saba. Miche miwili imebaki mifupi, imejaza matawi, majani mapana. Mmoja umerefuka mpaka unachungulia kwa jirani. Wa nne uko katikati. Nikisugua jani la ule mrefu vidole vinanukia shamari kabisa, la ule mfupi mafuta ya taa! Hata kuvuna hazikuenda pamoja, mifupi ilikua tayari mwisho wa Septemba, ule mrefu nikakimbizana na baridi mpaka katikati ya Oktoba.

Mtu aliyelima mahindi ananielewa. Mama alikua anapanda H614, mahindi ya haibridi, ukirudisha mbegu ya mavuno shambani mwaka unaofuata kila mmea unatoka na yake. F1 ya kweli, yaani kizazi cha kwanza cha mchanganyiko, ambayo wazazi wote wawili wamezalishwa vizazi kadhaa mpaka tabia zao zikatulia, inatoka sawasawa, lakini ukivusha haibridi kwa haibridi, na bangi nyingi ya madukani imetokea hivo, watoto wanagawana tabia za mababu kila mmoja kivyake. Hiyo wangeiandika kwa pakiti, mtu ajue analipia nini.

Na ile hadithi ya kaunta eti sativa (bangi mirefu ya majani membamba) inachangamsha na indica (mifupi ya majani mapana) inalaza, achaneni nayo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie uliotoka 2021 ulionyesha majina hayo hayalingani na ukoo wa mmea vile watu wanadhani, yanafuata zaidi terpini chache tu, zile zinazoleta harufu. Ukinunua maua soma THC (kile kinacholewesha), CBD (kisicholewesha) na terpini kama zimeandikwa, jina liache.

Nawapa 3 kwa 5. Mbegu ni nzima, maelezo hakuna. Mwaka ujao natafuta vipandikizi vilivokatwa kwa mmea mama mmoja, nataka yote minne inuke shamari.