Chuck ya 3D: uvae miwani au uache?

Februari 2, 2009, siku moja baada ya Super Bowl (fainali ya mpira wa Kimarekani), televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha kwa 3D sehemu moja ya Chuck, tamthilia ya vichekesho vya kijasusi. Miwani ya karatasi iligawiwa bure, ileile ya kutazamia tangazo la filamu ya Monsters vs. Aliens wakati wa mechi. Biashara tupu!

Ukiivaa, jicho moja linapitia rangi ya kaharabu, la pili buluu iliyokolea. Picha inapata kina, ila inaingia giza. Ukiiacha, kingo za vitu zina ukungu wa manjano na buluu, lakini sura ya mwigizaji mkuu, Zachary Levi, unaisoma vizuri, na utani haupungui hata chembe. Mimi ningevaa dakika tano tu, kisha miwani mezani.