Kliniki ya sukari: nilikwenda kujiandaa na mimba, nikafukuzwa dirishani

Habari za jengo, saa za kazi na gharama za kadi ulizeni pale mapokezi, mtaambiwa. Mimi naandika kwa sababu ya maneno niliyoambiwa dirishani kwenye kliniki ya sukari ya hospitali moja kubwa hapa Dar, na hadi leo nikiyakumbuka nasikia joto kichwani.

Nina kisukari tangu niko kidato cha pili. Insulini najichoma mwenyewe, kipimo cha asubuhi sikosi. Kipindi fulani huko nyuma nilishika mimba ikaharibika ikiwa bado changa. Nilisafishwa, nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa pole, Mungu atakupa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyenitajia kwamba sukari ikiwa juu mimba inaweza kutoka. Hilo nililisikia kwa dada mmoja tuliyekaa naye benchi moja pale kliniki, siyo kwa mtu wa koti jeupe. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mwenye sukari hujiandaa kabla: sukari inashushwa kwanza, dawa zinakaguliwa, ndipo mtu anaanza kutafuta mtoto. Siku ya kliniki iliyofuata nikaamka alfajiri, nikawahi foleni, nikafika dirishani nikiwa na furaha kabisa.

Nesi akaniuliza, "Una mimba?"

"Hapana sista, nataka kujiandaa ili nishike."

"Sasa unajiandaa na nini? Nenda kashike mimba kwanza ndiyo uje. Hapa watu wanaumwa." Halafu akafungua daftari langu, akaona sukari ya siku ile ilikuwa 14, akapaza sauti: "Na sukari hii unataka mtoto wa nini? Unataka utuletee balaa hapa?"

Benchi zima lilinyamaza. Kulikuwa na wazee wa rika la baba yangu. Bibi mmoja akanishika mkono akasema, "Kaa hapa mwanangu, usiondoke." Bila yule bibi ningeondoka na nisingerudi tena.

Niseme kwa nini yale maneno yamenikaa rohoni kuliko hata ule ukali. Kashike mimba kwanza ndiyo uje! Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itunge. Moyo wake, kwa sehemu kubwa, unakuwa umeshaumbika ndani ya wiki nane. Wiki hizo mwanamke ndiyo kwanza anahesabu siku zake na kujiuliza mbona zimepita. Wengi wetu tunaanza kliniki ya wajawazito mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Kama sukari ilikuwa 14 muda wote huo, madhara ya moyo au mgongo wazi yakitokea yameshatokea, na hakuna kidonge cha mwezi wa nne kitakachoyarudisha nyuma. Kwa hiyo anayeniambia nije nikishapata amenifungia mlango wakati ambao msaada wake ungemfaa zaidi mtoto wangu. Na anasema hivyo akiwa amevaa sare, kwenye kliniki ya kisukari. Hapo ndipo ninapokasirika kabisa.

Nilikaa mpaka wagonjwa wakaisha, nikaingia kwa daktari bila kuitwa. Na hapa lazima niwe mkweli, maana mambo yaligeuka. Yule daktari, dada wa makamo, alifunga mlango, akaniuliza ile mimba ilitoka ikiwa na wiki ngapi, akanisubiri nikamaliza kulia. Kisha akachukua orodha ya dawa zangu. Nilikuwa napewa enalapril ya kulinda figo, naimeza kila siku. Akaniambia dawa hiyo mjamzito hatakiwi kuitumia, inaweza kumwharibia mtoto figo tumboni. Akanibadilishia, akanipa methyldopa, dawa ya presha ambayo mjamzito anaweza kuitumia. Miaka yote naandikiwa ile dawa, mimi mwanamke mwenye mume, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka mtoto!

Aliniandikia asidi ya foliki, vitamini ya kumkinga mtoto na mgongo wazi, ya miligramu 5, akaeleza kwamba wenye kisukari wanahitaji dozi kubwa kuliko ile iliyomo kwenye vidonge vya damu wanavyogawiwa wajawazito, na inatakiwa ianze kabla ya mimba. Duka la dawa la mtaani wanayo na ni bei ndogo tu. Muuzaji akaniuliza kama nina mtoto wa seli mundu, kwa kuwa ndio anaowajua kwa vidonge hivyo. Macho nilipimwa, figo nilipimwa. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa asilimia, ndicho kilichonisumbua: vitendanishi vimeisha, njoo wiki ijayo, wiki ijayo bado. Nikaenda maabara binafsi kwa hela yangu. Kilisoma asilimia 9.8. Daktari akasema tushuke hadi chini ya 6.5 kama inawezekana bila sukari kunidondosha, na hata tusipofika huko, kila tunachopunguza kinamsaidia mtoto. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Siku ile mngeniuliza, ningewapa nyota zote tano na ya yule nesi ningeisahau.

Lakini daktari alisema pia kwamba wakati tunashusha sukari nisishike mimba, nikapate njia ya uzazi wa mpango jengo la pili. Nikaenda.

"Una watoto wangapi?"

"Sina."

"Hapa hatumpi njia ambaye hajazaa. Utakuja kutulaumu kizazi kimeziba. Mumeo anajua?"

Jamani. Jengo la kwanza wananikatalia kwa kuwa sina mimba, jengo la pili wananikatalia kwa kuwa sina mtoto. Na mtoto niliyekuwa naye tumboni nilimpoteza ndani ya geti hilohilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haumzuii mwanamke ambaye hajazaa kutumia kijiti wala kitanzi, na kijiti kikitolewa uwezo wa kuzaa unarudi. Ilibidi nirudi kwa daktari, aandike barua kwa mkono wake, tena aisindikize kwa simu, ndiyo nikawekewa kijiti. Nyumbani nako mama mkwe anauliza mjukuu yuko wapi. Kumweleza kwamba natumia uzazi wa mpango ili nije nizae salama nilishindwa. Daktari alimwita mume wangu akamweleza, na mume wangu akaongea na mama yake. Kwa hilo nitamshukuru yule daktari maisha yangu yote.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kusema nendeni, ila mkifika dirishani muwe na moyo mgumu. Sukari yangu imeshuka, kipimo cha mwisho kilikuwa 7.1. Kliniki inafanya kazi, nilitaka kusema hivyo.

Sasa sijui. Kliniki iliyopita nimeambiwa daktari wangu amehamishwa. Nikaingia kwa mwingine, kijana mpole tu, hakuniinulia hata sauti. Akaangalia faili langu haraka, akaandika dawa, nikasoma karatasi kabla sijatoka: enalapril. Nikamwambia, "Dokta, hii nilibadilishiwa, natafuta mtoto." Akauliza nani alinibadilishia. Kwenye faili la hospitali hakukuwa na neno hata moja kuhusu mpango wangu. Ulikuwa umeandikwa kwenye daftari langu la mkononi, kwa mwandiko wa mwenzake. Nikamfungulia ukurasa. Akasoma, akakata, akaandika methyldopa, akaomba radhi.

Mimi najua kusoma majina ya dawa. Dada aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinipa karatasi yake nimsomee saa ya kumeza. Huyo akiandikiwa kimakosa nani atamfungulia ukurasa? Huduma nzima ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo kaondoka nayo.

Nyota moja, na hiyo ni ya daktari aliyehamishwa. Nitaongeza siku nitakapokuta kwenye fomu ya kliniki ya sukari kuna swali lililochapishwa, linaloulizwa kila mwanamke, kila anapokuja: je, unapanga kupata mtoto mwaka huu?