War Requiem ya Britten katika Santuri ya Decca ya 1963

Anayetaka kumfahamu Benjamin Britten, mtunzi wa Kiingereza aliyezaliwa Lowestoft mwaka 1913 na kufariki Aldeburgh mwaka 1976, ningemshauri aanze na santuri hii, ingawa si ya kusikiliza huku unapika. War Requiem, kazi iliyorekodiwa humo, iliimbwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza, lililojengwa kando ya magofu ya lile lililobomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Britten, ambaye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha, alichanganya Kilatini cha misa ya wafu na mashairi ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa wiki moja tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kusitishwa.

Alikusudia waimbaji wakuu wawe Mrusi, Mwingereza na Mjerumani, lakini serikali ya Kisovieti ilimzuia Mrusi huyo, soprano Galina Vishnevskaya, kwenda Coventry, na nafasi yake ikachukuliwa na Heather Harper. Watatu waliokusudiwa walikutana hatimaye Januari 1963 katika ukumbi wa Kingsway, London, mtunzi mwenyewe akiongoza. Vishnevskaya alipangwa pamoja na kwaya, mbali na Mwingereza Peter Pears na Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau, na inasimuliwa kwamba alikasirika sana. Hata hivyo, umbali huo ndio unaoipa rekodi hii uhai wake, kwa kuwa sauti yake inapasua juu ya kwaya, kwaya ya wavulana inasikika kama iko nyuma ya ukuta, nao wanaume wawili wanaimba maneno ya Owen karibu kabisa na sikio lako.

Kasoro ninayoiona ni kwamba sehemu tulivu ni tulivu mno: kwenye spika ndogo kengele za mwanzo hufifia, kisha tarumbeta za Dies irae, sehemu ya misa inayohusu siku ya hukumu, huwashtua majirani. Visikilizio vizuri vinasaidia.

Toleo moja la baadaye limeongezewa mazoezi ambayo mtayarishaji John Culshaw aliyarekodi kwa siri na kumpa Britten kama zawadi ya kutimiza miaka 50, zawadi ambayo haikumfurahisha hata kidogo. Niliyasikiliza kwa aibu kidogo, lakini niliyasikiliza yote. Ukinunua, hakikisha kijitabu cha mashairi kimo ndani, kwani pale mwishoni, adui aliyeuawa anapozungumza na aliyemuua, kila neno lina uzito wake.