Foglaiti za njano na LED za H4: nimezitia zote kwenye Vitz, haya ndo maoni yangu

Siku hizi kila anaelalamika taa zake hafifu anaambiwa tia LED. Mie nasema subiri kwanza, tazama kioo. Hizi Vitz, IST, Escudo zetu zimekuja kutoka Japani zimeshatumika, kioo cha taa ni plastiki, jua limekichoma mpaka kimekua kama kimepakwa binzari, sasa hata utie balbu gani mwanga unaishia humo humo ndani. Mpe fundi apige msasa wa maji, namba 1000 halafu 2000, apolishi, amalizie na kliya ya kukinga jua maana bila ya hiyo njano inarudi. Dawa ya meno inang'arisha lakini haikai.

Na chumvi jamani. Anaekaa Nungwi au Paje achomoe soketi ya balbu atazame, utakuta kijani kitupu na waya wa ethi umeliwa na kutu, umeme haufiki wote, balbu nzima inawaka wekundu halafu unailaumu balbu.

Haya, LED. Nilizojaribu ni za bei rahisi, zina kifeni nyuma, nyeupe ya 6000K, ukiwasha mbele ya ukuta unasema mashaallah. Shida njiani. Balbu ya kawaida ya H4, ile moja yenye fulu na dimu pamoja, upande wa dimu ina kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wake, ndo kinachozuia mwanga usipande ukampiga usoni anaekuja, na hizi LED zinaigiza tu, chipu haikai pale pale penye uzi, mwanga unatawanyika, kila unaepishana nae anakupigia fulu. Na masika ikimwaga pale msituni Jozani weupe wote ule unakurudia wewe, lami iliyorowa huioni, tuta hulioni, gari ya ng'ombe isiyo na hata rifleta ndo kabisaa. Nimezitoa, nimerudisha balbu ya kawaida, halojeni ya 60/55W (60 fulu, 55 dimu), ya Osram, usiishike kioo chake kwa mkono tu, mafuta ya vidole yanaiua mapema. Zile za 100/90W wanazosifia mafundi sizitaki, zinayeyusha soketi.

Foglaiti za njano, yaani taa za ukungu, ndo nazisifu. Ukungu wa kusema ukungu hatuna sana, lakini mvua tunayo na vumbi la njia za shamba tunalo. Rangi si muujiza, hata nyeupe ikielekezwa vizuri inafanya kazi, njano mie inanipumzisha macho tu. Faida yake hasa zinakaa chini kwenye bampa na mwanga unatandaa kwa upana bila kupanda, unaona ukingo wa lami na mtu anaetembea pembeni. Pemba ndo nilizipenda zaidi, kule njia ya Wete na vile vilima na kona, ukikata kona zimeshakumulikia upande wa majani. Ila haziendi mbali, ukikimbia usizitegemee, na mvua ikikata zizime. Fundi azifunge na relei na fyuzi yake, asiibe umeme kwenye waya wa taa ndogo.

Wanaonunua taa nzima yuzdi angalieni imetoka wapi. Ya gari ya Dubai ya usukani wa kushoto, dimu yake inanyanyuka upande wa kulia, yaani huku kwetu inampiga moja kwa moja anaekuja. Ya Japani iko sawa, wao wanapita kushoto kama sie. Na ukishafunga elekeza: gari sehemu ya sawa, mita 5 na ukuta, mstari wa dimu ushuke kama sentimita 5 chini ya kimo cha balbu.

Mwenye gari yenye taa za projekta, zile zenye lenzi ya duara mbele ya balbu, huyo anaweza kujaribu LED, kule mwanga unakatwa vizuri kidogo, lakini naye atazame kwanza namba kwenye kitako cha balbu, H11 na HB4 zinafanana lakini haziingiliani.