Game of Thrones sizoni ya 8, hivi walikuwa wanawahi wapi?

Kama hujaimaliza hii sirizi ya HBO (chaneli ya TV ya Marekani) ishia hapa hapa, maana namwaga kila kitu na sitaki lawama.

Mimi wala sina shida na Daenerys, yule malkia mwenye dragoni, kugeuka adui. Wengi wanalia na hilo ila tuseme ukweli dalili zilikuwepo kitambo, huyu dada kasulubisha mabwana wa watumwa wa mji wa Meereen, kachoma akina Tarly baba na mtoto mchana kweupe, na baba yake ndo yule mfalme kichaa. Shida ni spidi. Episodi ya 4 kafiwa na Missandei, rafiki na mshauri wake, ya 5 kengele za kusalimu amri zinalia King's Landing, mji mkuu, vita kashashinda, tunaonyeshwa sura yake pale juu ya dragoni anahema kwa hasira halafu ghafla anaanza kuchoma watoto na mama zao. Kimempitia nini kichwani? Hatuambiwi, na toka hapo uso wake hatuuoni tena mpaka episodi inaisha!

Na sio kwamba hela ilikata. HBO walikuwa tayari kwa episodi zaidi, waandaaji wenyewe David Benioff na D.B. Weiss ndo wakasema 6 zinatosha, wakati sizoni 6 za mwanzo kila moja ina 10. Kumbukeni sizoni ya 1, episodi ya 2 wako tu barabarani wanashuka kusini, na njiani humo humo watoto wanagombana, mbwa mwitu wa Sansa anauawa bila kosa, uadui unazaliwa. Huku mwishoni watu wanatokea tu kama kila mtu ana bodaboda yake.

Kilichonichefua kuliko vyote ni kifo cha Rhaegal, dragoni wa Daenerys. Dragoni mzima anapigwa mishale mitatu, wa mwisho unapita shingoni, na meli za adui yake Euron zilizojibanza nyuma ya mwamba, na Daenerys mwenyewe yuko juu angani bahari yote iko chini yake. Benioff akaja kueleza eti Dany (Daenerys) alizisahau kidogo zile meli. Alizisahau!! Sizoni ya 7 meli hizo hizo ndo zilimtia hasara mwanzo mwisho.

Vita ya Winterfell (ngome ya akina Stark, kaskazini) nayo, usiku 55 wa kushuti halafu giza totoro, nimeongeza mwanga wa TV mpaka ukagoma naona vivuli tu, mpiga picha wao Fabian Wagner akabisha kwamba haikuwa na giza. Hii ndo sirizi iliyomkata kichwa stelingi wake Ned Stark sizoni ya 1 tukajua humu hakuna wa kupona, leo akina Sam na Brienne wamefunikwa na maiti zinazotembea, sini inakatwa, ikirudi wapo wanapigana. Aisee.

Halafu kile kikao cha kuchagua mfalme baada ya Daenerys kuuawa. Tyrion, aliyekuwa mshauri wa Daenerys, sasa mfungwa, kaletwa na pingu, ndo anayewachagulia, na anampendekeza Bran, mtoto wa Ned Stark, eti ana stori nzuri kuliko wote. Sawa. Sansa, dada yake Bran, anasema kaskazini tunajitenga, mdogo wake anakubali palepale, na Yara wa Iron Islands aliyekuwa kaahidiwa na Daenerys visiwa vyake vijitegemee amekaa kimya kama hayamuhusu, na yule prinsi wa Dorne naye kimya. Mtu pekee aliyenichekesha ni mjomba Edmure kaanza kujinadi akaambiwa na Sansa akae chini.

Lakini nisiwe mchoyo, muziki wa Ramin Djawadi uko juu sana, na episodi ya 2 pale Jaime anampa Brienne usir (cheo cha knight) mbele ya moto ni bonge la sini (ndo maana inauma zaidi alivyokuja kumuacha analia kwenye baridi akarudi kwa malkia Cersei, dada na mpenzi wake, kuangukiwa na matofali).

Anayeniuliza aanze au aache, namwambia anza, sizoni 4 za mwanzo hazina mpinzani mpaka leo. Hii ya 8 angalia hiyo episodi ya 2 kwa utulivu, zilizobaki ukiwa na bando la kuchezea.