Miezi sita hotelini, wiki mbili melini: uzoefu wangu wa kuikwepa nyumba ya wazee

Mdogo wangu wa Tanga alipopiga simu na kusikia nakaa wapi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, yaani umri huu unaishi gesti?" Kwa sisi tuliokulia kule, mtu mzima anayelala gesti mwezi mzima ana kesi, ana mchepuko, au amefukuzwa nyumbani. Mimi sina hata kimoja. Nina miaka 69, nimebeba boksi hapa Houston miaka 22, na boksi zenyewe zilikuwa wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwageuza kitandani usiku, katika nyumba tatu tofauti za wazee. Nilipostaafu nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba sitaki kurudi kule nikiwa mimi ndiye ninayegeuzwa.

Wazo la kuishi hotelini au melini sikulibuni. Wamarekani walishalipigia hesabu zamani. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Chicago, Lee Lindquist na Robert Golub, waliandika katika jarida la madaktari wa wazee kwamba mtu wa miaka 80 akiishi kwenye meli ya kitalii miaka 20 itamgharimu dola 230,497, na akiishi nyumba ya wazee wanaohitaji kusaidiwa kidogo kidogo, dola 228,075. Miaka ishirini, tofauti ni dola elfu mbili na ushee, na huku unaangalia bahari. Wapo waliofanya kweli. Bi Beatrice Muller aliishi ndani ya meli ya Queen Elizabeth 2 tangu mwaka 2000 hadi 2008, na aliondoka kwa sababu meli ndiyo iliyostaafu. Leo meli hiyo imefungwa gati Dubai, imekuwa hoteli.

Sasa hesabu zangu. Nyumba ya wazee niliyoulizia walinitajia dola 4,900 kwa mwezi, na hapo bado hujaongezewa ada ya kupewa dawa na ya kuogeshwa. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haisaidii hapo: inalipa hospitali na daktari, hailipi mtu kukaa tu na kusaidiwa kuvaa. Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, ndiyo hulipia nyumba za uuguzi, lakini mpaka uwe umeshakwangua karibu akiba yako yote. Hoteli niliyochagua ni ile aina ya wakaaji wa muda mrefu, chumba kina jiko lake, na ukilipia mwezi mzima inakuja dola 57 kwa usiku. Yaani 1,710. Kuna jambo sikulijua. Kodi ya hoteli hapa Houston ni asilimia 17, lakini Texas inamsamehe anayekaa siku 30 mfululizo au zaidi, na ukiwaandikia watu wa hoteli barua mapema kwamba utakaa siku hizo, unasamehewa tangu usiku wa kwanza. Mimi sikuandika. Mwezi wa kwanza nikatoa karibu dola 290 hivihivi, na hela hiyo bado inaniuma.

Miezi mitatu ya mwanzo niliipenda, nisiseme uongo. Jiko la plati mbili, friji kubwa, maji ya moto wakati wowote, kitanda kizuri kuliko changu cha zamani. Nyumba nilizofanyia kazi tulikuwa tunawalisha wazee chakula cha jioni saa kumi na moja, jua bado kali, si kwa sababu wana njaa bali ili zamu ya mchana iondoke jikoni kukiwa kumeoshwa. Hapa nilikula saa tatu usiku, miguu juu ya stuli, tamthilia mbele yangu. Kuna siku nilikula saa tano makusudi tu.

Wiki ya pili nilikaanga samaki. King'ora cha moshi kikalia ghorofa nzima, watu wakatoka: mafundi wa mitambo ya mafuta wakiwa pekupeku, manesi wa mkataba waliokuwa wamelala baada ya zamu ya usiku, familia moja iliyounguliwa nyumba (hao ndio walioniumiza, watoto walikuwa wanatetemeka), na mzee mmoja mwenye kofia ya jeshi la wanamaji ambaye kumbe anaishi pale mwaka wa tatu. Tangu hapo samaki nawatia kwenye tui la kopo. Kifungua kinywa cha bure ni mayai ya unga na kahawa nyepesi unayoweza kuona kitako cha kikombe. Msikipigie hesabu.

Januari nikajaribu meli, maana bandari ya Galveston iko mwendo wa saa moja tu kwa gari. Nilikata safari mbili za siku saba zinazofuatana, kabini ileile isiyo na dirisha: Cozumel na Costa Maya za Mexico, Roatán ya Honduras, kisha Galveston, halafu tena hivyohivyo. Bei za kabini hupangwa kwa watu wawili, kwa hiyo ukiwa peke yako unamlipia na mtu ambaye hayupo. Pamoja na bakshishi inayokatwa kila siku, wiki mbili zilinitoka dola 2,900. Siku ya kubadilisha abiria unashuka na pasi yako, unakaguliwa, unasubiri, unapanda tena. Chakula, hata sielezi. Nimeongezeka kilo tatu. Kilichonichosha ni majirani. Kila wiki meza mpya, watu wapya, na wewe unaanza upya kueleza ulikotoka, kwamba Tanga ni mji na si hifadhi ya wanyama.

Nilipata kikohozi. Daktari wa meli alikuwa mpole na mzuri, na bili yake ilikuwa dola 340. Medicare hukubali matibabu ya melini pale tu meli ikiwa bandari ya Marekani au si zaidi ya saa sita kutoka bandarini. Sisi tulikuwa Honduras. Anayefikiria kuhamia melini moja kwa moja aanze kufikiria hapo, si kwenye bwawa la kuogelea.

Lakini kulikuwa na kijana wa Indonesia aliyekuwa akihudumia kabini zetu. Siku ya tatu alishajua kwamba kanga yangu hukaa juu ya mto, haikunjwi, na kwamba asubuhi saa moja na nusu huwa nimetoka. Siku niliyokohoa sikutoka. Saa mbili kamili akagonga: "Mama, uko salama?" Wakati ule nilimwona msumbufu kidogo.

Februari nikiwa hotelini nikashikwa na mafua makali. Ijumaa jioni kichwa kinapasuka, nikaning'iniza mlangoni ile kadi ya Usisumbue, nikafunga na komeo la ndani. Hoteli za aina hii chumba husafishwa mara moja kwa wiki, na changu kilikuwa kimesafishwa Alhamisi. Jumamosi usiku nilikwenda kujisaidia, wakati wa kurudi kizunguzungu kikanichukua, nikajikuta chini kati ya bafu na kitanda. Mkono umekunjwa chini yangu. Simu iko kwenye chaji pembeni ya televisheni, naiona taa yake.

Nililala kwenye zulia hadi asubuhi. Nilisikia toroli la mashuka linakuja koridoni, gurudumu moja linalia. Likasimama mlangoni kwangu. Likaendelea.

Unajua nilichowaza pale chini? Kazini kwangu, saa mbili asubuhi, nilikuwa na karatasi ya kutia alama nani amekuja mezani. Kiti kikiwa kitupu, unaacha uji, unakwenda kugonga. Niliichukia ile karatasi miaka 22. Wazee nao waliichukia, wakasema tunawachunga kama mbuzi.

Adhuhuri nilifanikiwa kujiburuta na kuivuta simu kwa waya wake. Binti yangu yuko Dallas, mwendo wa karibu saa nne, akawapigia hoteli. Ilibidi fundi aje akate komeo. Kifundo cha mkono kilikuwa na ufa, nyonga ilikuwa salama, alhamdulillahi. Binti alitaka kugombana na meneja, nikamkataza. Hoteli haikukosa chochote: niliandika nisisumbuliwe, hawakunisumbua.

Mkinitaka nitoe nyota: meli nne kwa mapumziko, mbili kwa kuishi. Hoteli tatu, na ya tatu ni ya maji ya moto. Ukiwa unaoga mwenyewe, unakunywa dawa zako bila kukumbushwa, na una mtu wa kukuulizia kila siku, jaribu mwezi mmoja. Omba chumba cha chini karibu na mapokezi, omba kile cha watu wenye ulemavu, kina vyuma vya kushikilia bafuni. Mimi nilipewa bila nyongeza nilipoomba, ila sikuomba mpaka baada ya kuanguka.

Bado naishi hapa. Komeo la ndani silifungi tena, na ile kadi nimeitupa. Nimepatana na anayekaa mapokezi asubuhi kwamba saa tatu nisipokuja kuchukua kahawa anipigie, nisipopokea aje na ufunguo wake. Mzee wa kofia naye ameomba aingizwe, kwa hiyo sasa tuko wawili kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kaunta. Taabu ni kwamba wafanyakazi wa mapokezi hawadumu. Tangu Machi huyu ni wa tatu, ameanza Jumatatu, kijana wa Nigeria, na jana kahawa niliichelewesha kwa dakika kumi makusudi, kuona kama atapiga. Alipiga.