Programu ya Kuigiza Urubani: Kukwepa Imeweza, Kurudi Njiani Bado

Kwa majuma matatu nimetumia programu moja ya kompyuta ya kuigiza urubani, hasa mazoezi yake ya TCAS, mfumo unaomwamuru rubani apande au ashuke ili asigongane na ndege nyingine. Ukwepaji wenyewe umetengenezwa kwa umakini: ukanda mwekundu na wa kijani hujitokeza kwenye kipimo cha kupanda na kushuka, sauti hutoa amri, nawe una sekunde 5 za kuanza kuitikia, kama ilivyo katika ndege halisi. Ukiinua pua ya ndege kwa pupa, mshale huupita ukanda wa kijani na unakatwa alama, jambo ninaloliafiki, kwani kukwepa kupita kiasi kunaweza kukupeleka kwenye kimo cha ndege ya tatu.

Kasoro huanza sauti inapotangaza kwamba hatari imepita. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hapo rubani hurudi bila kuchelewa kwenye kimo alichoidhinishiwa na kumwarifu mwongozaji ndege kwamba anarudi. Haombi ruhusa upya, kwa kuwa kibali chake bado kipo. Programu hii hukuacha futi 600 juu ya kimo chako ukisubiri mwongozaji akuruhusu kurudi, na mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza kitufe kisicho chake. Kati ya futi 29,000 na 41,000, ambako ndege hutenganishwa kwa futi 1,000 tu, hizo 600 zimekwisha kula zaidi ya nusu ya nafasi iliyopo kati yako na ndege ya juu.

Baya zaidi, mwongozaji wa programu hukupangia kimo kipya amri ya TCAS ikiwa bado inaendelea. Kule Überlingen, Ujerumani, Julai 2002, marubani wa ndege moja walifuata agizo la mwongozaji la kushuka ilhali TCAS iliwaamuru wapande, na watu 71 wakafa. Mwongozaji halisi, akishaarifiwa, huiacha ndege hiyo mpaka rubani aseme hatari imekwisha.

Zoezi la kukwepa mawingu ya radi ni bora zaidi: unaomba kukengeuka, unapewa umbali, kisha unarejea kwa pembe ya wastani na kuripoti kwamba umeshika njia yako. Hilo nitaendelea nalo; la TCAS nimelizima hadi toleo lijalo.